Kutafuta asili ya mashine ya useremala iliyotengenezwa Australia: mwongozo kamili

Mashine ya zamani ya useremala kutoka Australia huwa na jina kubwa mwilini, na mtu akilisoma huona kazi imekwisha. Mara nyingi haijaanza. Katika biashara hii walikuwapo watu wa aina tatu: aliyesubu chuma (yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu), aliyekichonga na kuunganisha mashine, na aliyeiuza. Pengine wote walikuwa kampuni moja. Pengine kila mmoja alikuwa na mtaa wake, na jina lililobandikwa ni la muuzaji tu. McPherson's ya Melbourne, iliyoanzishwa 1860, ilikuwa na viwanda vyake na ikatoa mashine za kukereza chuma kwa jina la Macson, lakini papo hapo iliuza mashine za watu wengine kwa wingi. Ukiliona jina lake umejua mashine ilipita wapi. Ilikozaliwa bado.

Utafiti huu, basi, ni kazi ya kuwatenganisha watu hao watatu, na funguo zake mbili ni anwani na mwaka. Jina la kampuni hubadilika mwana akirithi, mbia akiondoka au mkopo ukishindikana. Tanuru la kusubu chuma halihamishwi ovyo.

Anza na chuma chenyewe

Kabla ya kufungua kompyuta, kaa na mashine nusu siku. Uwe na tochi, brashi laini ya nailoni, mafuta ya taa, pamba, karatasi nyembamba, penseli laini ya 4B, futi ya chuma na geji ya kupimia nyuzi za bolti. Brashi ya waya iache nyumbani. Inafuta namba zilizogongwa kwa mkono na kula rangi ya kwanza, na vyote viwili ni ushahidi.

Lowesha bamba la jina kwa pamba yenye mafuta ya taa, subiri dakika kumi, kisha pangusa taratibu. Herufi zilizofifia zimulike kwa tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na bamba, ili kila mfinyo utupe kivuli. Usipoziona bado, weka karatasi juu na usugue kwa penseli. Mkono utasoma kilichokataa kusomwa na jicho.

Kisha tafuta alama za aina tatu, na usizichanganye. Namba zilizoinuka kutoka kwenye chuma cha kusubu ni za kielelezo kilichotumika kutengeneza kalibu. Zinafanana kwenye kila mashine ya aina hiyo, kwa hiyo hazihesabu mashine ya ngapi. Namba zilizogongwa kwa mhuri, kwa kawaida kwenye ukingo wa meza, mwisho wa kitanda cha mashine au kichwani mwa kisu, ndizo za mfululizo. Za tatu ni alama za wamiliki: rangi, vibati vya shule za ufundi, na alama ya serikali. Ukikuta mshale mpana umesimama kati ya herufi D mbili, mashine hiyo iliwahi kuwa mali ya jeshi au idara ya ulinzi ya Australia. Andika mahali ilipo alama hiyo, maana itakufungulia mlango mwingine huko mbele.

Nyuzi za bolti husema mengi kuliko watu wanavyodhani. Viwanda vya Australia vilitumia Whitworth, mfumo wa Kiingereza wa nyuzi za bolti, kwa miaka mingi, na UNC, mfumo wa Kimarekani, ikawekwa rasmi 1949. Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya mifumo hiyo vina idadi ileile ya nyuzi: inchi 3/8 ni 16 kwa inchi katika yote miwili, 5/8 ni 11, 3/4 ni 10. Kwa hiyo pima bolti ya nusu inchi. Whitworth ina nyuzi 12 kwa inchi, UNC ina 13. Pima tundu lililochongwa ndani ya chuma cha mashine, kwa sababu bolti hubadilishwa na mafundi bila kumbukumbu. Nyuzi za milimita katika mwili wa mashine huashiria miaka ya 1970 au baadaye, kwani sheria ya kuhamia vipimo vya metriki ilipita 1970, la sivyo mashine imetoka ng'ambo.

Kisha kuna swali la nakala. Viwanda vingi vidogo vilianza kwa kunakili mashine za Thomas Robinson wa Rochdale, Wadkin wa Leicester, wote wa Uingereza, au za Kimarekani. Njia rahisi ilikuwa kuivunjavunja mashine halisi na kutumia vipande vyake kama vielelezo vya kalibu. Chuma cha kusubu hunywea kikipoa, takriban inchi 1/8 kwa kila futi, yaani kama asilimia moja. Mguu uliokuwa inchi 24 kwenye mashine halisi utakuwa kama inchi 23 na robo tatu kwenye nakala. Pima sehemu ambazo hazikuchongwa, kama miguu, mbavu na umbali kati ya mapambo, kisha linganisha na mashine halisi au mchoro wake. Zikipungua zote kwa kiwango kimoja, una nakala mkononi. Zisipopungua haijathibitisha lolote, kwa kuwa fundi vielelezo makini huongeza unene kabla ya kusubu.

Mota ni shahidi wa kusikilizwa kwa tahadhari. Inabadilishwa upesi, na mashine nyingi zilianza maisha zikizungushwa na mkanda kutoka shafti ya darini ndipo zikafungwa mota baadaye. Angalia kama kuna matundu ya mabano yaliyozibwa au puli pana isiyo na kazi. Hata hivyo bamba la mota linaweza kukutajia mji: Perth ilitumia umeme wa mizunguko 40 kwa sekunde hadi miaka ya 1950, wakati kwingine ilikuwa 50. Mota iliyoandikwa 40 karibu yote hutuelekeza Australia Magharibi.

Soma bamba kama barua yenye tarehe

Mabamba machache yana mwaka, ila karibu yote yana kitu cha kuubania.

Maneno *Pty Ltd*, yaani kampuni binafsi yenye dhima ya kikomo, yalianza Victoria, jimbo la Melbourne, kwa sheria ya makampuni ya 1896. New South Wales, jimbo la Sydney, haikuwa na kampuni za aina hiyo hadi sheria ya 1936. Kwa hiyo bamba la kampuni iliyosajiliwa Sydney lenye *Pty* haliwezi kutangulia 1936, ila la Melbourne linaweza kuwa la zamani zaidi. Tofauti hii hupuuzwa mno, nayo ni mojawapo ya zinazotegemeka sana.

Melbourne iligawanywa katika wilaya za posta zenye herufi na namba, kama C.1 ya katikati ya jiji au Richmond E.1, kuanzia 1928. Namba za posta za tarakimu nne zilianza nchi nzima Julai 1967.

Simu za kujiendesha zilikuwa na herufi mbele ya namba. Herufi kumi zilikaa kwenye tarakimu hivi: A ni 1, B 2, F 3, J 4, L 5, M 6, U 7, W 8, X 9, Y 0. Ziliachwa taratibu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukijua ufunguo huu unaweza kuunganisha tangazo la zamani na la baadaye: simu ya JB ni ileile ya 42, na hiyo ni Richmond. Namba za tarakimu nane zilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Bei za pauni kwenye katalogi ni za kabla ya 14 Februari 1966, siku dola ilipoanza. Namba ya kampuni ya tarakimu tisa yenye herufi ACN ni ya 1991 kuendelea; ABN, namba ya biashara ya tarakimu kumi na moja, ni ya 2000 kuendelea.

Chukua randa ya meza ya inchi 12. Bamba la shaba linasema Richmond E.1, simu inaanza na JB, kampuni ni *Pty Ltd*. Wilaya ya posta inaiweka baada ya 1928, na herufi za simu kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Kichwa cha kisu ni cha duara, beringi ni za gololi. Kama kichwa kingekuwa cha mraba, kile cha hatari kilichowakata watu vidole kwa sababu ya pengo kubwa kati ya meza na kisu, na beringi za metali laini iliyomiminwa, ungesogea kuelekea mwanzo wa kipindi hicho. Hapa sogea mwisho. Umepata kipindi cha miaka isiyozidi arobaini bila kufungua kitabu, na sasa una namba ya mtaa ya kutafutia.

Trove: tafuta kwa maneno yao

Trove ni hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Haina malipo, na aliyeko Morogoro anaisoma sawasawa na aliyeko Melbourne. Magazeti mengi ndani yake yanaishia 1954 kwa sababu za hakimiliki. *The Canberra Times* ni miongoni mwa machache yanayoendelea hadi 1995.

Kinachowaangusha wengi ni msamiati. Randa ya meza Waaustralia waliiita *buzzer*. Randa ya kusawazisha unene ni *thicknesser*, msumeno wa meza ni *saw bench*, msumeno wa kukatia urefu ni *docking saw*, na mashine inayochonga pande nne kwa mpigo mmoja ni *four-cutter*. Ukitafuta kwa majina ya Kimarekani utapita juu ya nusu ya ushahidi. Neno *buzzer* peke yake litakuletea kengele za umeme, hivyo liambatanishe na *thicknesser* au na kipimo, mfano *12in*.

Pili, kurasa zilisomwa na kompyuta, na makosa ni mengi pale wino ulipofifia: n inasomwa u, rn inasomwa m, na jina refu hukatwa mwisho wa mstari. Andika jina kwa namna nne au tano zilizokosewa. Weka *fulltext:* mbele ya neno kama hutaki Trove ikuongezee maneno yanayofanana. Ukurasa wa matangazo madogo huhesabiwa safu nzima kama makala moja, kwa hiyo maneno mawili yanaweza kupatikana pamoja huku yakiwa kwenye matangazo mawili yasiyohusiana. Tumia alama ya ukaribu: "saw bench"~5 hudai maneno yawe jirani. Chuja kwa jimbo, kisha kwa muongo, kisha chagua sehemu ya matangazo.

Tangazo la mashine yenyewe si lenye faida kubwa. Yenye faida ni matangazo ya kazi, kwa anwani ileile. Kampuni inayotafuta mchongaji wa vielelezo na mtengeneza kalibu ina tanuru lake. Inayotafuta mafundi wa kukereza na kuunganisha peke yao hununua chuma kilichosubiwa kwingine. Inayotafuta mawakala wa mauzo mwaka hadi mwaka, bila fundi hata mmoja, ni duka. Hapa ndipo wale watu watatu wanapoanza kuachana. Orodhesha matangazo ya kazi ya miaka kumi na utaona kampuni ikipanda kutoka duka hadi kiwanda, au ikishuka.

Baada ya hapo tafuta mnada na moto. Karakana ikifilisika, dalali aliorodhesha kila mashine kwa jina la mtengenezaji na ukubwa wake, maana jina lilipandisha bei. Ikiungua, mwandishi wa gazeti alitaja majengo, hasara na jina la mwenye kiwanda.

Kila unachokipata nakili namba yake ya kudumu, ile inayoanza na nla.news-article, pamoja na tarehe na ukurasa. Picha ya skrini bila namba hiyo ni hasara. Mwezi mmoja baadaye hutaipata tena. Na ukiona maandishi yaliyosomwa vibaya, yasahihishe papo hapo. Trove inamruhusu msomaji yeyote, na atakayekuja baada yako atalipata jina ulilolihangaikia.

Anwani, mwaka kwa mwaka

Saraka za Sands & McDougall , vitabu vya kila mwaka vya majina na anwani, ziliendelea Melbourne hadi 1974, na za Sands za Sydney ziliishia 1932–33. Maktaba ya Jimbo la Victoria na Jiji la Sydney zimeweka nyingi mtandaoni bila malipo. Usianze na sehemu ya majina. Anza na sehemu ya mitaa, ambayo hutaja nyumba kwa nyumba: nani alikuwa namba hiyo kabla, nani alikuja baada, na nani alikuwa mlango wa pili. Mara nyingi mlango wa pili ndio wenye tanuru. Kisha nenda sehemu ya biashara na uangalie kampuni ilijiandikisha wapi, chini ya wasubu chuma, wahandisi au wauza mashine. Kuwepo chini ya vichwa viwili ni jambo la kawaida. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni habari.

Saraka iliandaliwa mwaka mmoja kabla ya ule uliochapwa jaladani, kwa hiyo ya 1925 huonyesha hali ya 1924. Kosa hili la mwaka mmoja limejaa kwenye historia zilizoandikwa haraka.

Kwa Melbourne kuna ramani za bodi ya maji na majitaka, MMBW, kwa kipimo cha 1:480, zinazoonyesha kila jengo na ua. Ramani za bima ya moto za Mahlstedt zinaongeza kuta zilijengwa kwa nini na jengo lilitumika kwa kazi gani. Vitabu vya kodi ya majengo vya mabaraza, vilivyoko Ofisi ya Nyaraka za Umma ya Victoria, hutenganisha mwenye jengo na mpangaji. Siku mpangaji anapoandikwa kuwa mwenyewe, biashara imekua.

Nyaraka za kampuni, hataza na mirathi

Jalada la kampuni iliyofutwa lina orodha ya wenye hisa, wakurugenzi, rehani na jina la mfilisi. Majalada ya kabla ya 1991 yalikuwa ya majimbo, hivyo tafuta kwenye nyaraka za jimbo husika. Kwa kampuni za baadaye, ASIC, mamlaka ya makampuni ya Australia, ndiyo yenye rejista. Fundi aliyefanya kazi kwa jina lake bila kusajili kampuni hamo kabisa. Mfuate kwenye rejista za majina ya biashara, na kwenye gazeti rasmi la serikali, ambako matangazo ya kuvunja ubia huchapishwa. La New South Wales liko ndani ya Trove. La Victoria lina tovuti yake inayoanzia 1836.

Hataza za shirikisho zilianza 1904. Kabla ya hapo kila koloni lilikuwa na ofisi yake, na uvumbuzi mmoja unaweza kuwa na namba tatu au nne. IP Australia, ofisi ya hataza ya shirikisho, ina hifadhidata ya kutafutia, lakini kwa hati za zamani tafuta kwa jina la mvumbuzi, kwani hataza nyingi ziliandikwa kwa jina la mtu na si la kampuni. Jina hilo utalipata kwenye orodha ya wenye hisa. Neno *Pat.* kwenye bamba bila namba linaweza kumaanisha ombi lililowasilishwa likaachwa njiani. Usilichukue kama hataza hadi uone hati.

Mirathi huwa na orodha ya mali ya marehemu, na kwa mwenye karakana maana yake ni mashine, vielelezo, madeni na wadeni. Vielelezo vya mbao ndivyo uhai wa kiwanda. Aliyevinunua ndiye aliyeendelea kutoa mashine ileile kwa jina jipya, na hapo ndipo unapopata jibu la randa mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa bamba.

Vita, na kilichofuata

Kama uliona ule mshale kati ya D mbili, ingia kwenye RecordSearch, hifadhidata ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Australia. Idara ya Silaha na Zana za Vita iliundwa 1940, wakati uagizaji kutoka Uingereza ulipokuwa mgumu, na viwanda vya ndani vilipewa kazi ambazo havikuwahi kuota. Tafuta kwa jina la kampuni, kisha kwa mtaa. Gazeti rasmi la shirikisho lilichapisha pia mikataba ya serikali: nani alipewa, kitu gani, kwa bei gani. Kuanzia 1944 tume maalumu iliuza mali ya ziada ya vita, ndiyo maana mashine za jeshi zimo hadi leo kwenye karakana za watu binafsi.

Kipindi cha baada ya 1954 ni kigumu kwa sababu Trove inapungua. Hapo tegemea katalogi, majarida ya biashara ya mbao, mikanda ya filamu ya magazeti iliyoko maktaba za majimbo, na ripoti za Bodi ya Ushuru, iliyoanza 1921. Mwenye kiwanda aliyeomba kulindwa dhidi ya bidhaa za nje alitoa ushahidi kuhusu anachokitengeneza. Soma ushahidi huo ukijua aliutoa akiwa na shida; hasara zake huenda zilikuzwa kidogo.

Julai 1973 serikali ilipunguza ushuru wote wa forodha kwa asilimia 25 kwa siku moja, na mashine za Taiwan zikazidi kuingia miaka iliyofuata. Kuanzia hapo jina la Kiaustralia haliwi tena ushahidi wa chuma cha Kiaustralia. Triton, meza ya kazi iliyobuniwa na George Lewin na kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa ya Australia, ABC, mwaka 1976, ilizaliwa kweli Melbourne, lakini jina hilo limeuzwa zaidi ya mara moja na sasa limo kwenye zana zinazotengenezwa nje. Kwa mashine za miaka hiyo kagua nchi iliyoandikwa kwenye mota, swichi na beringi. Zikikubaliana zote tatu, ziamini kuliko kibandiko.

Kuandika ulichokipata

Tengeneza karatasi moja kwa kila anwani, si kwa kila kampuni. Safu ya kwanza mwaka, ya pili jina kama lilivyoandikwa hapo, ya tatu kazi iliyotajwa, ya nne chanzo na namba yake. Usirekebishe tahajia. Majina mawili yakikaa anwani moja miaka inayofuatana, usiandike kwamba moja lilinunua jingine mpaka uone tangazo, jalada au mirathi inayosema hivyo. Huenda ni mpangaji mpya tu.

Mwaka wa mashine uuandike kwa mipaka yake na sababu za kila mpaka: baada ya 1928 kwa wilaya ya posta, kabla ya katikati ya miaka ya 1960 kwa herufi za simu. "Ya miaka ya 1940" bila sababu hakuna atakayeweza kuikosoa, kwa hiyo hakuna atakayeweza kuisahihisha. Nakala moja ipeleke kwenye maktaba ya jimbo ilikotengenezwa mashine. Nyingine itie kwenye mfuko wa plastiki na uifunge kwa waya ndani ya kabati la mashine yenyewe, mbali na mkanda.